Nyayo Kumi na Mbili za Kushoto

Kila siku alipotoka shule, kabla hata ya kuvua viatu, Karani alipitia kwanza karakana ya baba yake nyuma ya nyumba. Karani halikuwa jina lake halisi. Baba alimpa jina hilo siku walipoanza kufunga mizigo, kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mtu yeyote nyumbani. Jina likamganda. Hata mwalimu wake wa hesabu alijisahau siku moja akamwita hivyo darasani, na darasa zima likaangua kicheko.

Baba yake alikuwa fundi wa miguu ya bandia. Mchana alifanya kazi hospitalini, na jioni aliendelea nyumbani kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika huko. Karakana ilinuka mbao, gundi na mpira. Ukutani ilining'inia misumeno, tupa na mikanda ya ngozi iliyoshonwa na mama, ambaye alikuwa fundi cherehani. Mgeni akiingia mara ya kwanza alishtuka kuona miguu imepangwa kwenye rafu kama mikate dukani. Karani alikuwa ameizoea. Alipokuwa mdogo aliwahi kuufunga mmoja mgongoni kwa kitenge na kuubembeleza ulale.

Sasa familia ilikuwa inajiandaa kuhama. Kanisa lao lilikuwa linawatuma ng'ambo, kwenye hospitali ndogo ya misheni ambayo ilikuwa imekaa miaka minne bila fundi wa miguu. Baba angetengeneza miguu na kuwafundisha vijana wa kule kazi hiyo. Mama angeshona mikanda, na Jumapili angewafundisha watoto nyimbo na habari za Yesu.

"Na mimi nitafanya nini?" aliuliza mdogo wake Karani, msichana wa miaka minane aliyeitwa Domo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amenyamaza.

"Wewe utawachosha watu masikio," alimjibu shangazi yao. "Watatuandikia barua kuuliza kama una swichi ya kukuzima."

Mama alikuwa amebandika karatasi ukutani zenye maneno ya lugha ya kule, na kila asubuhi wote walijifunza matano. Baada ya wiki tatu Domo alikuwa ameshika mawili tu, "nipe" na "mkate", na alisema hayo yanamtosha kabisa.

Mizigo mikubwa ingekwenda kwa meli katika masanduku tisa ya mbao. Kamati ya misheni ilikuwa imewaeleza jambo moja bila kuzunguka. Meli ikifika, wakaguzi wa bandari ya kule wangefungua sanduku lolote walilotaka. Wakikuta kilichoandikwa kwenye orodha hakilingani na kilichomo, wangeuzuia mzigo wote kwa miezi mingi. Kwa hiyo baba aliweka utaratibu wake. Mama alipanga vitu masandukuni. Kisha baba alisoma orodha kwa sauti huku amewapa kisogo, maana mikono yake ilikuwa bado inamalizia nyayo za mwisho zilizobanwa kwenye jiliwa, kibanio cha mezani. Karani alisimama kando ya sanduku. Kila kitu kilipotajwa, alikishika kwa mkono, kisha akaitikia, "Ndani," na baba akaweka alama.

"Gusa kwanza, useme baadaye," baba alimwambia siku ya kwanza. "Macho yakichoka huona hata kisichokuwepo. Na mimi siwezi kugeuka kila mara kutazama. Neno lako ndilo ninaloliandika."

Orodha ilikuwa na kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza na wa pili zilichukua siku nne, nazo zilihusu masanduku sita. Karani aligusa kila kitu. Hata kwenye kopo la skrubu alitia mkono mpaka chini, akatoka na vidole vyeusi vya mafuta.

Ukurasa wa tatu ulikuja siku ya Ijumaa, siku ya mechi.

Ilikuwa mechi ya mpira wa pete kati ya wasichana wa mtaa wao na wasichana wa mtaa wa juu. Uwanja ulikuwa ng'ambo ya barabara, na kutoka dirisha la karakana Karani aliweza kuwaona wenzake wakirusha mpira kujipasha moto. Yeye ndiye aliyekuwa mfungaji wao. Ilikuwa pia mechi yake ya mwisho, kwa sababu Jumanne familia ingepanda ndege.

Rafiki yake, msichana mwembamba aliyeitwa Kijiti, akachomoza kichwa dirishani.

"Karani! Wee Karani! Utakuja leo au tukuandikie barua?"

"Nakuja."

"Unakuja tangu saa tisa! Wale wa mtaa wa juu wanasema umejificha. Wanasema umeona urefu wa mlinzi wao ukapata homa."

"Nani kasema?"

"Wote. Hata mlinzi mwenyewe."

"Mwache amalize, binti," baba alisema bila kugeuka. "Ni ukurasa mmoja tu. Ukiisha, yeye ni wenu."

Kijiti akaondoka akipiga vidole. Baba akaanza.

"Jiliwa dogo, moja."

Karani akaligusa. "Ndani."

"Tupa za nusu duara, sita."

Akazigusa. "Ndani."

Filimbi ikalia uwanjani. Karani akageuza shingo. Wenzake walikuwa wanajipanga, na mahali pake alikuwa amesimamishwa msichana ambaye hajawahi kufunga goli hata moja maishani mwake.

"Mikanda ya goti, thelathini."

"Ndani," alisema Karani. Alikuwa ameiona mikanda. Alikuwa na hakika ameiona.

"Plasta ya unga, mifuko kumi."

"Ndani."

Mtaa wa juu wakafunga. Sauti ya baba na sauti yake zikawa kama kwaya, mmoja akianzisha na mwingine akiitikia, haraka zaidi na zaidi. Gundi. Ndani. Vitambaa vya pamba. Ndani. Nyayo za watoto za kulia, tisa. Ndani. Nyayo za watoto za kushoto, kumi na mbili. Ndani. Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa dirisha, na macho yake yalikuwa yanaukimbilia mpira.

"Umefanya haraka leo," baba alisema, akiweka alama ya mwisho. "Asante, Karani wangu. Haya, nenda."

Hakusubiri kuambiwa mara ya pili. Alifunga magoli matano, na mlinzi mrefu wa mtaa wa juu aliondoka bila kumpa mtu mkono. Aliporudi nyumbani, baba alikuwa ameshapigilia vifuniko vyote na kuvikaza kwa mikanda ya chuma. Kabla ya chakula waliomba, na baba akamshukuru Mungu kwa kazi iliyomalizika "na kwa mikono ya watoto wangu waliosaidia." Karani alifumba macho akasema amina kama wengine.

Asubuhi ya Jumamosi alipewa ufagio. Lori la kupeleka masanduku bandarini lingefika saa saba mchana, na baba alitaka karakana iwe safi. Mwenyewe alikuwa amekwenda kanisani kuonana na katibu wa kamati, ili wote wawili watie sahihi orodha. Mama na shangazi walikuwa sebuleni wakishona vifuniko vya turubai.

Karani alifagia maranda ya mbao kutoka chini ya meza hadi mlangoni. Alipenyeza ufagio nyuma ya mlango uliokuwa wazi, nao ukagonga kitu kizito. Lilikuwa gunia la zamani, limechanika ubavuni. Kwenye tundu hilo vilichungulia vidole vitano vidogo vya mpira.

Alipiga magoti akalifungua gunia, akahesabu. Zilikuwa kumi na mbili. Zote za kushoto. Kila unyayo ulikuwa na kipande cha karatasi kilichofungwa kwa uzi, chenye vipimo vilivyotumwa na hospitali ya kule na umri wa mtoto. Miaka saba. Miaka tisa. Miaka kumi na miwili, sawa na yeye.

"Si hizo zimo sandukuni?" Domo alikuwa amesimama mlangoni. "Jana nilikusikia ukisema ndani."

"Nyamaza, Domo."

"Lakini ulisema."

"Nimesema nyamaza!"

Kijiti naye akafika, maana alikuwa amekuja kusimulia mechi upya. Alipoona gunia na uso wa rafiki yake, alielewa bila kuelezwa.

"Tia kwenye begi lako la ndege," alinong'ona.

"Mabegi yameshapimwa. Hayaongezeki hata soksi."

"Basi mpe shangazi yako afiche. Mkishafika, mwandikie azitume. Utasema zilisahaulika. Si kweli zilisahaulika?"

Karani akaliinua gunia. Alipiga hatua mbili kuelekea uani. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani, na vidole vya mpira vilikuwa vinamgonga pajani. Akilini akamwona baba yake wakishafika kule ng'ambo, amefungua sanduku, mtoto wa miaka kumi na miwili amekaa kwenye benchi mbele yake akisubiri, na baba akipekua, akipekua tena, akitafuta kitu ambacho binti yake alimwambia kimo.

Halafu likamjia jambo jingine, baya zaidi. Kama nyayo hazikuwemo, ni kitu gani kingine ambacho hakikuwemo? Alijaribu kukumbuka plasta. Alijaribu kukumbuka gundi. Hakukumbuka kitu, ila mpira ukipita juu ya vichwa vya wachezaji.

Akaliweka gunia chini. "Baba anatia sahihi sasa hivi," alisema, akatoka mbio.

Alipita sebuleni kama upepo.

"Huyo anakimbizwa na nani?" shangazi aliuliza.

"Na nyayo kumi na mbili, shangazi!" Domo akapaza sauti.

Ofisi ya kanisa ilikuwa chumba kidogo chenye meza moja, kabati la vitabu vya nyimbo na viti vitatu. Katibu wa kamati alikuwa mama mwenye mvi, aliyekuwa mwalimu mkuu kabla ya kustaafu, na watu wazima wengi waliofundishwa naye walikuwa bado wanavuka barabara wakimwona. Baba alikuwa ameshika kalamu, na ncha yake ilikuwa imeshagusa karatasi.

"Baba, usitie sahihi!"

Mama Katibu akamtazama juu ya miwani. "Binti, hapa watu hubisha hodi."

"Hodi, mama. Shikamoo. Baba, usitie sahihi."

"Marahaba," alisema Mama Katibu. "Pumua kwanza, kisha useme."

Karani akapumua. "Nyayo za watoto za kushoto hazimo. Ziko nyuma ya mlango wa karakana. Jana nilisema ndani bila kugusa."

Baba akaiweka kalamu mezani, polepole. "Ni hizo tu?"

Angeweza kusema ndiyo. Kwa neno hilo moja mambo yangekuwa mepesi, gunia lingetiwa katika sanduku moja na kila mtu angekwenda zake.

"Sijui, baba. Kuanzia mikanda ya goti sikugusa chochote. Nilikuwa natazama mechi."

Baba hakumgombeza. Alimtazama tu, na Karani akaona heri angegombezwa.

"Fundi," Mama Katibu alisema, "lori linakuja saa saba. Meli ikiondoka, nyingine ni baada ya miezi mitatu. Nyinyi mnaruka Jumanne. Utafika kule ukachonge miguu kwa kucha?"

"Ukurasa wa tatu ni masanduku matatu," baba alisema. Alikuwa ameshasimama. "La saba, la nane na la tisa. Tuna saa mbili na nusu. Mikanda ya chuma niliyobakiza inatosha masanduku manne. Tutayafungua, tutayakagua, tutayafunga."

"Na yale sita? Nami natia sahihi hapa, na kamati nzima itaniuliza mimi. Aliyedanganya ukurasa wa tatu, nitajuaje hakudanganya wa kwanza?"

Baba akamgeukia binti yake. "Ukurasa wa kwanza na wa pili?"

"Niligusa vyote, baba. Kila kimoja."

"Namwamini," baba alisema.

"Wewe ni baba yake, hiyo ni kazi yako. Mimi si mama yake." Mama Katibu alifunika kalamu kwa kifuniko chake, akachukua mkoba wake na orodha. "Nakuja nanyi. Mkanda wa nne ni wangu. Nitachagua sanduku moja kati ya hayo sita, nilikague mwenyewe. Nikikuta kimepungua kitu kimoja, sitii sahihi, na lori lirudi tupu."

Njiani Karani alitembea nyuma yao, akikaza mwendo ili asiachwe.

Mama alipoona gunia, alishika kichwa. "Mungu wangu! Fungu hili nililitenga mimi. Gunia lilichanika, nikasema nilishone kwanza, mara akaja mteja na suruali yake. Kosa ni langu, baba watoto."

"Habari ya kusahau kwako tutaijadili tukiwa wazee," baba alisema, akivua koti. "Kila mtu husahau. Ndiyo maana tunakagua. Karani, lete koleo."

Walikata mikanda. Misumari iling'oka ikilia. Shangazi, mama na Domo walitandika turubai uani, na kila kilichotoka sandukuni kikapangwa juu yake. Mama Katibu aliketi kwenye kigoda na orodha magotini, akawa yeye ndiye anayesoma.

"Mikanda ya goti, thelathini."

Karani aliigusa mmoja mmoja mpaka wa thelathini. "Ndani, mama."

Sanduku la saba lilikuwa sawa. La nane lilikuwa na mifuko tisa ya plasta badala ya kumi. Walitafuta mfuko wa kumi kila pembe, mpaka shangazi akauona umeegemezwa kwenye mlango wa karakana kuuzuia usijifunge, na ulikuwa umekaa hapo wiki nzima.

"Kizuio cha mlango kinene namna hii sijawahi kukiona," shangazi alisema, akaupangusa mfuko vumbi.

La tisa ndilo lililoshangaza watu. Pale ambapo nyayo za kushoto zilipaswa kuwa palikuwa pamejaa, na Karani alipotia mkono alivuta kitu laini chenye maua ya rangi ya waridi. Ulikuwa mto wa kulalia.

Wote wakamgeukia Domo.

"Palikuwa na nafasi," Domo alisema kwa sauti ndogo. "Nikafikiri ni nafasi yangu."

"Haumo kwenye orodha," alisema Mama Katibu.

"Nilitaka kumwomba Karani auandike, lakini alikuwa mechini."

Hata baba alicheka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Karani hakucheka. Alichukua nyayo za kushoto, akazihesabu mbele ya Mama Katibu, akasoma kila karatasi, akazipanga mahali pake. Mkanda wa chuma ulikuwa umemchubua kiganja, na mama akataka kumfunga kitambaa.

"Baadaye, mama," alisema. "Kitambaa kitanizuia kugusa vizuri."

Kati ya masanduku matatu, mawili yalikuwa yamefungwa tena lori liliposimama nje. Ilikuwa saa sita na nusu. Dereva, mtu mnene mwenye kofia iliyokaa upande, aliingia uani akasimama.

"Fundi, mbona mzigo uko uchi?"

"Umewahi, ndugu yangu. Tuvumilie kidogo."

"Mimi dereva, si mchungaji. Siwezi kumwombea mtu dakika. Lango la bandari linafungwa saa kumi. Nikitoka hapa baada ya saa saba na nusu, nitafika kusalimiana na mlinzi tu."

Baba akapigilia kifuniko cha sanduku la tisa. Mama Katibu alisimama, akatembea mbele ya masanduku sita yaliyobaki, akiyagonga moja moja kwa kalamu. Karani alikuwa anamfuata kwa macho. Alijua alichokifanya siku zile nne, lakini sasa kujua peke yake hakukumsaidia. Kama kitu kimoja kilianguka pembeni, kama mkono wake uliteleza mara moja tu, baba angekwenda kule mikono mitupu.

"Hili," alisema Mama Katibu. Lilikuwa la pili, sanduku la vitu vidogo.

Walilifungua. Lilikuwa na vitu arobaini na kimoja kwenye orodha, na kila kimoja kilikuwa na idadi yake. Bawaba za goti. Misumari ya shaba. Sindano za ngozi. Mama Katibu alisoma na Karani akagusa, bila kukimbia na bila kutazama popote pengine. Walipofika kwenye kopo la skrubu ndefu, mia moja na ishirini, Mama Katibu hakuridhika na neno lake. Alitandika leso yake, akalimwaga kopo zima.

"Tuhesabu."

"Mama wee, mia na ishirini?" dereva alisema.

"Tutahesabu wote. Nawe una mikono."

Wakachuchumaa kuzunguka leso, dereva pia, wakitenga kumi kumi.

"Hamsini na saba, hamsini na nane..." alihesabu shangazi.

"Arobaini na mbili!" Domo akadakia, akifurahi kusaidia.

"Hamsini na... Nimepotea. Domo, ukifungua mdomo tena nitakutia sandukuni na kukuandika orodhani!"

Wakaanza upya. Mafungu yalikuwa kumi na mawili. Hakuna iliyobaki, hakuna iliyopungua. Mama Katibu alizirudisha skrubu koponi, akaendelea na orodha mpaka mstari wa mwisho. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena. Aliweka orodha juu ya kifuniko cha sanduku, akatia sahihi yake, akampa baba kalamu.

"Tia yako, fundi," alisema. "Binti yako alisema kweli, tangu alipobisha hodi."

Saa saba na dakika ishirini lori liliondoka na masanduku tisa, dereva akipiga honi kwenye kona kuaga. Mama Katibu alikunywa maji, akaaga, na kumwambia Domo kwamba mto wa kulalia hata kule upo. Kijiti, ambaye alikuwa amechungulia juu ya ua muda wote, alisaidia kukunja turubai.

Karani alikwenda kukaa karibu na baba yake kwenye ngazi ya karakana. Sasa mama alikuwa anamfunga kiganja kwa kitambaa cha pamba.

"Utatafuta mtu mwingine wa kukagua?" Karani aliuliza.

Baba alikuwa anakunja mikono ya shati iliyolowa jasho.

"Jana ulinidanganya kwa neno dogo," alisema. "Dogo kabisa. Lakini umeona lilivyofanya? Sanduku la saba lilikuwa sawa kabisa, na bado tulilazimika kulivunja. Neno lako la kweli nalo halikuaminika, kwa sababu ya lile la uongo lililokaa karibu yake. Ndivyo uongo ulivyo, mwanangu. Hauharibu mahali pake tu."

"Ndiyo, baba."

"Sasa sikiliza. Kule tunakokwenda hakuna anayetujua. Tutawaambia Mungu anawapenda, na ni kweli, lakini wao watatutazama kwanza. Watatazama kama tulichoahidi ndicho tulicholeta. Mtoto aliyesubiri mguu miaka minne akiambiwa upo, na haupo, hatasikia tena jambo lolote nitakalomwambia. Nami sitamlaumu."

Karani alitazama kiganja chake. "Nilitaka kusema ni hizo tu. Pale ofisini. Nilitaka sana."

"Nilikuona," baba alisema. "Uso wako ulikuwa unapigana. Ungesema hivyo, tungefungua sanduku moja, na mfuko wa plasta ungebaki mlangoni, na wakaguzi wa bandari wangeuzuia mzigo wote. Kukosea kulikuwa kwa dakika chache. Kusahihisha kumehitaji watu saba kwa nusu siku. Lakini umesahihisha, tena kwa mikono yako mwenyewe, na nyayo za wale watoto ziko njiani."

Mama akamaliza kufunga fundo. Baba akasimama, akajinyoosha mgongo.

"Jumatatu kuna dawa za safari na vyeti vya chanjo vya watu wanne. Vyote vinatakiwa kukaguliwa kimoja kimoja," alisema. "Saa tatu asubuhi. Njoo na penseli."

"Nitakuja saa mbili," alisema Karani, akaenda kunawa.